Mshipa wa Shingo na Maji Ambayo Sikuyanywa

Mimi ni Skolastika wa Karema, mke wa Ladislaus fundi mitumbwi. Sikukaa darasani hata siku moja, kwa hiyo maneno haya nayasema kwa mdomo, na mjukuu wangu Editha anayaandika. Nimemwagiza aandike kama ninavyosema, asipambe, wala asiongeze huruma mahali ambapo mimi sikuiweka. Akimaliza sehemu ananisomea, na palipokosewa anafuta. Amekwisha kufuta na amenuna, lakini ataendelea.

Nayasema kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua: yule ambaye kichwa chake kinauma bila kukoma, ameambiwa kwamba huenda damu haishuki vizuri kutoka kichwani, na sasa ameketi kwenye benchi akingoja kupigwa picha ya mishipa ya shingo. Benchi hilo nalijua. Yaliyo mabaya zaidi yamekwisha kunipita, ingawa hayakupita mikono mitupu.

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa kiangazi, majira ambayo moshi wa mashamba yanayochomwa hukaa juu ya ziwa letu hata usione ng'ambo. Wakati huo mume wangu alikuwa kitandani tangu masika yaliyotangulia. Kiharusi kilimkuta mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, nyundo mkononi, akipigilia ubao wa mtumbwi wa mtu. Upande wake wa kulia ulikufa na mdomo ukapinda, ila akili ilibaki nzima, na utani wake wote ulibaki ulimini ingawa aliuburuta. Kazi yangu ilikuwa kumlisha, kumwosha, na kumgeuza mara kwa mara ili mgongo usitoke vidonda.

Tangu aanguke aliniomba jambo moja tu. Hakuomba misa kubwa wala jeneza la mninga. Aliomba kwamba siku yake ikifika, mkono utakaomfumba macho uwe wangu, si wa mtu mwingine. Nilimwitikia. Katika nyumba yetu, mimi nikiitikia jambo, jambo hilo limekwisha kufanyika.

Ni katika kumgeuza ndipo nilipoona dalili ya kwanza. Kila nikiinama, giza lilishuka machoni, kama mtu aliyefunika taa kwa kitambaa, kisha likaondoka. Baadaye ikaja ngoma katika sikio la kushoto, inayopiga sawasawa na moyo. Kichwa kiliuma zaidi nikiwa nimelala kuliko nikiwa nimesimama, hata nikaanza kulala nimeegemea ukuta kama mgeni aliyekosa mkeka. Sikumwambia mtu. Ladislaus ndiye aliyenigundua, siku nilipomshika begani kisha nikasimama tu, nikingoja giza liniachie.

"Mama Prosper," akasema, "unanigeuza au unanipima uzito?"

"Nyamaza. Nimechoka."

"Hujachoka. Huoni. Unautazama ukuta ukidhani ni mimi. Mimi ni mzuri kuliko ukuta, hata kwa mdomo huu."

Aliomba simu ya jirani, akampigia mwanetu Prosper anayeishi Nsemulwa, mjini Mpanda. Prosper akasema nipande gari kesho yake nipelekwe hospitali.

Hapa lazima nieleze desturi yangu ya safari, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yametoka humo. Nilizaliwa upande wa Inyonga, ambako mama yangu alitulea kwa amri chache zisizojadiliwa. Mojawapo ilikuwa hii: mwanamke mwenye safari hanywi maji. Anaacha kunywa tangu jioni ya kuamkia safari, na hanywi mpaka afike mahali penye choo chenye mlango. Yalipokuja mabasi, nao makonda wakaanza kusimamisha gari porini na kupaza sauti, "Wa kuchimba dawa!", watu wote wakashuka, wanaume upande huu na wanawake upande ule, mimi nilibaki kwenye kiti changu nimenyooka. Sijawahi kuchuchumaa kando ya barabara, tangu usichana wangu hadi uzee huu. Ladislaus, ambaye alizaliwa ndani ya harufu ya ziwa, alinicheka miaka yote.

"Unaishi kando ya maji yasiyo na mwisho," alisema, "nawe unakauka kama dagaa juu ya mchanga."

Basi nilisafiri mkavu, kama kawaida yangu. Barabara ya Karema kwenda Mpanda ilikuwa vumbi tupu, nasi tulifika jua likiwa limepanda. Prosper alinipokea stendi, akanipeleka moja kwa moja hospitali. Benchi lilikuwa limejaa. Mtu akiondoka, nafasi yake inakaliwa, naye akirudi anaanza upya nyuma. Kwa hiyo hata pale sikunywa. Walioketi nami ni akina mama wenye mimba, na mzee mmoja Msukuma aliyeshika fimbo yake ya kuchungia kana kwamba ng'ombe wake wamefunga foleni pamoja naye. Ukikaa muda mrefu kwenye benchi la hospitali unajifunza viatu vya watu kuliko nyuso zao.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alinisalimu vizuri, akanilaza chali, akanipaka shingoni mafuta mazito yenye baridi, kisha akaanza kutembeza kile kidude cha altrasaundi.

"Geuza uso kulia, Bibi. Pumua taratibu. Usinikazie shingo."

Alitazama muda mrefu. Alibonyeza, akainua mkono, akabonyeza tena. Alikuwa akikunja uso.

"Wa kulia naupata kwa shida," akasema. "Wa kushoto ni kama haupo. Umelala bapa."

Nasema wazi kwamba kijana yule hakuwa mzembe. Aliniuliza mengi: kama nilipata homa, kama nilianguka, kama nina shinikizo la damu, kama natumia dawa za miti shamba. Aliuliza kama nimelala usingizi. Hakuuliza nilikunywa maji lini. Nami sikujua kwamba hilo ni jambo la kumwambia daktari, kwa maana lilikuwa la heshima, si la ugonjwa.

Akasema nirudi baada ya muda ili apime tena, asije akaniandikia jambo kwa kuona mara moja. Nilirudi mvua za kwanza zilipoanza, watu wakiwa wanapanda mahindi. Nilirudi kwa gari lile lile, kwa amri ile ile ya mama yangu, na koo lile lile limekauka. Picha ikatoka kama ya kwanza. Hiyo safari ya pili ndiyo iliyonihukumu, kwa sababu kosa likirudiwa sawasawa linafanana na ukweli.

"Bibi," akasema daktari, "nakuandikia rufaa ya Mbeya. Huko wana wataalamu na mashine kubwa zaidi. Huenda wakaamua kuupanua huo mshipa. Usiogope."

"Siogopi mshipa," nikamjibu. "Nina mgonjwa nyumbani."

Prosper na mkewe, Mama Kulwa, walifuatana nami hadi Karema ili jambo hilo liamuliwe mbele ya baba yao. Nilikataa kwenda. Nilisema nimeishi vya kutosha, kichwa kiume kinavyotaka. Prosper ni mtoto wangu, ana ukali wangu, naye hakunibembeleza.

"Mama, ukipofuka, nani atamgeuza Baba?"

"Nitamgeuza kwa kupapasa."

"Na siku ukianguka juu yake?"

Ikaamuliwa kwamba Prosper abaki na baba yake, nami niende Mbeya na Mama Kulwa. Mkwe wangu huyu ni binti wa Kisukuma, familia yao ilihamia Katavi na ng'ombe wao yeye akiwa mtoto mdogo. Anacheka kwa sauti kubwa na hasemi jambo mara moja kama anaweza kulisema mara tatu. Wakati huo sikuwa nimempenda sana. Aandike Editha hivyo hivyo, mama yake anajua.

Asubuhi ya kuondoka nilimnyoa Ladislaus ndevu. Jicho lilikuwa likififia pembeni, hivyo nilimnyoa kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, na hakutoka damu hata mahali pamoja. Nilipomaliza, akamwita Mama Kulwa.

"Mkwe, ile chupa kubwa ijaze maji ya mtungini, yale yaliyochemshwa. Mwekee mama yako kwenye kikapu."

"Unajua sitakunywa," nikasema.

"Najua. Mwekee hivyo hivyo."

Kisha akanitazama kwa yale macho yake ya mzaha. "Rudi upesi, Mama Prosper. Nina macho mawili hapa yanakungoja."

"Usiniletee habari hizo asubuhi," nikamjibu, nikatoka.

Hilo ndilo neno nililomwachia mlangoni. Editha amesimamisha kalamu. Namwambia aendelee.

Tulipanda basi Mpanda. Pale Sitalike linapovuka Mto Katuma, abiria wote walisimama kutazama viboko. Mvua ilikuwa bado changa na mto ulikuwa mwembamba, mfereji wa tope tu, na viboko walikuwa wamebanana humo migongo ikigusana. Anayeuona Katuma wakati huo kwa mara ya kwanza angeapa kwamba ni mto uliokufa. Mimi niliuona nusu tu, kwa sababu pembeni mwa macho yangu palikuwa pameshaingia ukungu.

Ndani ya hifadhi hakuna kushuka. Tulipotoka upande wa pili, konda akapaza sauti yake, na basi likamwagika lote porini. Mama Kulwa akanishika mkono.

"Twende, Mama. Nitakukinga kwa kitenge."

"Kaa kimya."

"Basi kunywa hata tone. Baba ameweka maji."

"Binti yangu, nyie mmekua mkichunga, mmezoea pori. Mimi sikulelewa hivyo."

"Haya, Mama," akasema huku akishuka. "Lakini hata ng'ombe wetu huwa wanakunywa njiani."

Vijana wa viti vya nyuma walicheka. Sikugeuka.

Mbeya ilikuwa na baridi ambayo mtu wa ziwani hajui aiweke wapi mwilini. Nililazwa wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha. Mama mmoja wa kitanda cha jirani, ambaye mwenyewe alikuwa akitetemeka, alinivalisha sweta lake bila kuniuliza jina. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani alikataa kulichukua. Siku zilipita kwa vipimo vya damu na kungoja vingine. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wenye sakafu ya kuteleza, nami nikiinuka naona giza, kwa hiyo huko nako nilikunywa kidogo kuliko ndege. Midomo ilipasuka. Ngozi ya mkono ukiivuta ilibaki imesimama. Nilidhani ni baridi.

Kila jioni Prosper alipiga simu, akaiweka kwenye sikio la baba yake. Ladislaus hakuwa na maneno mengi tena. Sauti ilikuwa imeshuka, na nilisikia jinsi anavyovuta pumzi katikati ya neno. Siku ile ya mwisho hakuniuliza habari za madaktari. Aliuliza neno moja.

"Umekunywa?"

"Bado," nikasema.

Akacheka, au akakohoa. Simu ikarudi kwa Prosper.

Asubuhi yake ndiyo ilikuwa zamu yangu ya altrasaundi. Mama Kulwa alifika wodini mapema na kile kikapu, akatoa chupa ya Karema, bado imejaa mpaka shingoni.

"Mama, leo utakunywa yote hii."

"Kwa sababu gani?"

"Altrasaundi bila maji haionyeshi kitu! Nilipokuwa na mapacha waliniambia, kunywa mpaka kibofu kijae, usiende kukojoa, ndiyo watoto wataonekana. Niliwahi kwenda sijanywa, nesi akanifukuza kama mbuzi."

"Mimi sina mimba."

"Mashine ni ile ile, Mama!"

Nilichoka kubishana. Zaidi ya hapo, nilifikiri labda ndiyo sheria ya mashine, na kwamba Mpanda tulikosea kwa kutoijua. Nilikunywa. Maji yalikuwa yameshika ladha ya chupa, lakini chini ya ladha hiyo niliutambua mtungi wangu, ule udongo wake. Nilikunywa hadi mwisho, na juu yake mkwe wangu akanimiminia vikombe vya maji ya wodini, akinisimamia kama mlinzi. Muda ulikuwepo, maana foleni ya Mbeya ni ndefu kuliko ya Mpanda. Nilipoitwa, nilikuwa natembea kwa hatua fupi.

Daktari wa huko alikuwa mwanamke wa makamo. Alinilaza, akanipaka yale mafuta, akatazama, akachukua karatasi za rufaa, akazisoma tena, akatazama tena.

"Hapa wameandika mshipa wa kushoto haupitishi damu. Mbona mimi nauona wazi?" Akamwita mwenzake, naye akatazama. Kisha daktari akaniuliza, "Mama, leo umekunywa nini?"

Niligeuza uso ukutani. Mwenzake alikuwa mwanamume. Mama Kulwa akajibu kwa niaba yangu, kwa sauti ya kusikika hadi ukumbini.

"Maji, daktari! Nimemnywesha chupa nzima na vikombe juu yake. Si ndivyo inavyotakiwa? Mimi na mapacha wangu..."

"Mapacha wanakaa tumboni, dada, si shingoni," daktari akasema, akacheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikamkauka. Akanigeukia. "Na Mpanda, ulipopimwa, ulikuwa umekunywa?"

"Hapana. Nilikuwa na safari."

"Tangu lini hujanywa?"

"Tangu jioni ya jana yake."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Akavuta kiti, akaketi karibu na kichwa changu. Ninamshukuru kwa kile kiti. Madaktari wengi hueleza wakiwa wamesimama.

"Sikiliza, Mama. Mshipa huu si bomba la chuma. Ni kama mfuko laini wa nailoni. Mwili ukiwa na maji, unajaa. Mwili ukikauka, kuta zake zinashikana, nasi tukipiga picha tunaweza kudhani umeziba, kumbe umelala tu. Kichwa chako kina ugonjwa kweli, macho yako yanasema hivyo. Lakini shingo yako, kwa ninavyoiona leo, ni nzima."

Nikaukumbuka Katuma.

Walinipitisha kwenye mashine kubwa siku hiyo hiyo ili wasiamini altrasaundi peke yake, nayo ikasema kama yeye. Hapakuwa na cha kupanua. Kulikuwa na shinikizo ndani ya kichwa, na dawa yake ni vidonge, na kupimwa macho mara kwa mara. Daktari aliandika jina la dawa, akasema neno ambalo kwake lilikuwa la faraja:

"Usihangaike kuzifuata huku, Mama. Hizi hata Mpanda zinapatikana."

Nilitoka pale nimebanwa kuliko nilivyowahi kubanwa maishani, kwa maana nilikuwa nimejizuia mbele ya kila mashine. Mama Kulwa alinikimbiza ukumbini akiwasukuma watu kando, "Pisheni, pisheni, Bibi amejaa!", nami, ambaye ningemkemea siku nyingine yoyote, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo.

Nilipotoka chooni, alikuwa na simu sikioni. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani, ambacho dakika chache nyuma kilikuwa kiunoni. Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza.

"Sema."

"Mama, tukakae kwanza."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Baba. Alfajiri. Prosper hakutaka kupiga mpaka upimwe."

Watu walikuwa wakipita na karatasi zao. Nilimuuliza jambo moja tu.

"Nani alimfumba macho?"

"Prosper."

"Kwa mkono gani?"

"Sijui, Mama. Sijamuuliza."

Sijui kwa nini nilitaka kujua mkono. Hata leo sijui.

Prosper alisema watanisubiri kwa kadiri itakavyowezekana. Mimi ninajua joto la Karema, na ninajua ni mwendo gani kutoka Mbeya. Nikachukua simu nikamwambia, "Zikeni. Msimharibu baba yenu kwa ajili yangu." Nilisema kwa sauti kavu, na wapo wanandugu ambao mpaka leo wanasimulia kwamba Skolastika hakulia. Wasimulie.

Safari ya kurudi siikumbuki, ila nakumbuka kwamba mvua ilikuwa imeshika kweli, na tulipovuka Sitalike mto ulikuwa umepanuka, viboko wametawanyika, maji mekundu yanakwenda kwa nguvu. Chupa tupu ilikuwa magotini mwangu. Nilifika nyumbani matanga yakiwa yanaendelea. Kitanda kilikuwa kimeegemezwa nje, ukutani. Wanawake walinipisha njia. Kaburi lilikuwa limeshuka kidogo kwa mvua, na nyayo za wazikaji zilikuwa bado kwenye tope, kubwa na ndogo. Nilizitazama zote. Zangu hazikuwamo.

Baada ya arobaini, Prosper alitaka kwenda Mpanda kumkaripia yule daktari kijana. Alisema kama angeuliza swali moja tu, mimi nisingeondoka. Ni kweli. Nilimkataza, nikaenda mwenyewe, kwa sababu ilikuwa tarehe yangu ya kliniki. Nilimweleza yule kijana yote, tangu amri ya mama yangu mpaka nyayo za kwenye tope. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Sikukuuliza, Bibi," akasema mwishowe.

"Nami sikukwambia," nikamjibu. "Sasa nipime."

Akanipima. Prosper hakuridhika na bado hajaridhika. Haongei nami habari za ile rufaa, nami simlazimishi. Mwenye kuuguza hubaki na ugonjwa wake mwenyewe, nao hauna kidonge.

Vidonge vyangu vina tabia zake. Vidole vinatambaa kama vimeingiliwa na sisimizi, chai inapoteza utamu, na vinanituma chooni kuliko mtoto mchanga. Ngoma ya sikio imepungua, na mavuno yalipoingia nililala chali kwa mara ya kwanza. Ukungu wa pembeni haukuondoka. Daktari wa macho anasema kilichopotea kimepotea, tunalinda kilichobaki. Mtu akija kutoka kushoto asalimu kabla hajafika, nisishtuke.

Kwako wewe uliye kwenye benchi, nina haya tu. Usijiamulie mwenyewe kunywa wala kutokunywa. Wapo ambao moyo wao au figo zao haziruhusu maji mengi, na ipo picha ya tumbo inayotaka mtu asinywe. Uliza. Na ukiwa umefunga, au umesafiri mkavu, au umejizuia kwa sababu ya choo cha mbali, sema kabla hujapakwa yale mafuta. Sema hata kama daktari ni mwanamume na ni mdogo kuliko mwanao wa mwisho. Heshima yangu niliibeba vizuri hadi Mbeya, nami sikuitumia kwa lolote.

Siku hizi, tarehe ya kliniki ikifika, naijaza ile chupa mtungini mwenyewe. Nameza funda la kwanza nikiwa mlangoni, kisha napanda gari na Mama Kulwa, ambaye huja kunichukua. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, nilibanwa tukiwa katikati ya pori.

"Konda," nikasema, "simamisha gari."

"Bibi, mbele kuna kituo, vumilia kidogo."

"Sikukuuliza kituo. Simamisha."

Kijana mmoja nyuma akasema, "Leo Bibi anachimba dawa!", wenzake wakacheka.

"Ndiyo, nachimba," nikawaambia. "Nyie kaeni mnisubiri."

Mama Kulwa alitandaza kitenge chake kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu. Majani yalikuwa na umande. Gari zima lilinisubiri, nami sikufanya haraka.

Tukifika hospitali, nakaa kwenye benchi, na mlango ukifunguliwa namsikia yule daktari kijana akiwauliza walionitangulia, mmoja mmoja, kabla hajawalaza. Ikifika zamu yangu ananiuliza na mimi, ingawa anajua.

"Umekunywa, Bibi?"

"Nimekunywa," nasema.

Nasema kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Amekwisha kumwambia Mama Kulwa kwamba anadhani nimeanza kuwa kiziwi.